Ithibati ya Daraja la Tatu

Kazi ya Nakijwa Mshana ilikuwa kuiba magari, na kibali alipewa na serikali. Katika uwanja wa majaribio wa Kisongo, nje kidogo ya Arusha, aliyafungua magari bila funguo, akayafungia ndani ya makontena ya chuma, akayafunika kwa nyavu za kuzuia mawimbi ya redio, mengine akayatumbukiza bwawani, ilimradi aone kama kifaa kilichofichwa ndani kitapiga kelele au kitakaa kimya. Kilichokaa kimya hakikupata muhuri wake. Na tangu sheria ilipobadilika, gari lisilo na kifuatilizi chenye muhuri wa Baraza la Ithibati halikuruhusiwa kuingia barabarani, kwa hiyo watengenezaji walimwamkia Nakijwa kwa heshima, hata wale waliomzidi umri.

Muhuri ulikuwa na madaraja matatu. La kwanza lilitaka kifaa kilipate gari popote lilipofichwa. La pili lilitaka mwizi ashindwe kukinyamazisha. La tatu ndilo lililowaangusha wengi, maana lilitaka kifaa chenyewe kijue kutunza siri. Njia zote gari lilizopita, na yote kifaa kilichoyaona njiani, yakae nyuma ya kufuli mbili, moja ya mwenye gari na moja ya polisi, na zisifunguke mpaka gari litangazwe kuibiwa. Hata aliyekitengeneza asiweze kuchungulia.

Mwaka ule kampuni ya Ngao Mwendo ilileta kifaa kilichoitwa Kitambuzi. Hakikuzidi ukubwa wa kiberiti, lakini kilisoma mapigo ya moyo wa dereva kupitia viganja vyake vilivyoshika usukani. Kila moyo una mwendo wake, kama kila mtu alivyo na sauti yake. Mwizi angeweza kubadilisha namba za gari, rangi yake na hata mota yake, lakini angekaa nyuma ya usukani na moyo wake mwenyewe, na Kitambuzi kingemjua kuwa ni mgeni. Kilifaulu daraja la kwanza na la pili bila kutoa jasho. Kwa ajili ya daraja la tatu, wafanyakazi wa Baraza waliombwa kujitolea magari yao yafungwe Kitambuzi na kuendeshwa mitaani kama kawaida. Nakijwa alitoa gari la kijivu ambalo mumewe, Anaeli Pallangyo, alilitumia kuzungukia wakulima. Anaeli alikuwa mtaalamu wa mbegu za viazi, na siku nyingi alizimalizia kwenye mashamba ya Meru.

Asubuhi moja, akiwa peke yake kwenye meza ya majaribio, Nakijwa aligundua mlango wa nyuma. Mafundi wa kiwandani walikuwa wameacha ndani ya Kitambuzi amri fupi ya kukipimia: ukiituma, kifaa kiliamini kwamba gari limeibiwa, na kufuli zote mbili zikafunguka bila mwenye gari wala polisi kujua lolote. Kwa kosa kama hilo kanuni ilikuwa wazi. Mpimaji alipaswa kuliripoti siku hiyo hiyo, na kifaa kikataliwe.

Nakijwa alikusudia kuliripoti. Ila alitaka kwanza ahakikishe kwamba udhaifu huo uko pia kwenye magari yaliyo barabarani, si kwenye kifaa cha mezani tu. Kati ya magari yote aliyoweza kuujaribia, alichagua lile la kijivu. Alijiambia ni kwa sababu namba zake anazijua kwa kichwa.

Sababu haikuwa hiyo. Kwa miezi kadhaa alikuwa ameona kwamba siku za Alhamisi Anaeli huondoka amenyoa ndevu vizuri na kuvaa shati lake la rangi ya kahawa, na akirudi huwa kimya kama mtu aliyeacha kitu mahali. Nakijwa hakuwahi kumuuliza. Aliogopa jibu, na aliogopa zaidi kuonekana mwanamke wa kuuliza.

Alituma amri. Njia zote za gari zikajitandaza mbele yake.

Kila Alhamisi mchana gari lilitoka mashambani, likapita Usa River, likapanda barabara ya vumbi katikati ya migomba, likasimama nje ya geti la buluu. Lilikaa hapo muda mrefu. Lakini si geti lililomchoma Nakijwa. Chini ya mstari wa njia kulikuwa na mstari wa pili, wa moyo wa mumewe. Ulianza kupanda Tengeru, ukazidi kupanda kwenye vumbi, na gari liliposimama getini ulikuwa ukienda mbio kama wa kijana. Aliporudi nyumbani Njiro ulishuka. Alipoegesha kwenye uwanja wao wenyewe ulikuwa umetulia kabisa.

Nakijwa aliangalia mistari ile mpaka macho yakamuuma. Hakuwa ameona mwanamke yeyote. Alikuwa ameona moyo wa mumewe ukimkimbilia mtu, na mtu huyo hakuwa yeye.

Ripoti hakuiandika.

*

Kuanzia siku hiyo alifuata gari moja kwa moja, saa ile ile lilipokuwa likitembea. Alijifunza kutabiri mahali moyo utakapoanza kupanda. Alipata mwanya akaenda mwenyewe Usa River, akamuuliza muuza duka mmoja nyumba yenye geti la buluu ni ya nani, akaambiwa ni ya Nsia, mwanamke anayeotesha miche ya parachichi. Jina hilo alilijua. Kabla hawajaoana, Anaeli alimwambia kwamba aliwahi kutaka kumwoa msichana aitwaye Nsia, mambo yakashindikana. Alilisema mara moja tu, na Nakijwa alikuwa amelihifadhi miaka yote hiyo.

Nyumbani aliendelea kupika na kucheka panapostahili kuchekwa. Siku moja wakila, aliuliza kama huko Usa kazi inakwenda. Anaeli alijibu kwamba wakulima wa huko huchelewa kufika kwenye mikutano, ndiyo maana na yeye huchelewa kurudi. Alisema hivyo huku akichambua samaki miiba na kumwekea mkewe mnofu pembeni ya sahani, kama alivyofanya siku zote. Nakijwa alikula mnofu ule akahisi kama anameza majivu.

Jioni nyingine, wakiwa wamekaa kwenye kochi, alilaza kichwa kifuani kwa mumewe ili asikilize. Moyo ulikuwa ukipiga polepole, bila haraka yoyote. Anaeli alidhani ni mapenzi, akampapasa nywele. Mwenzake alikuwa akipima, na alichokipata kilimuudhi. Alifikia hatua ya kuuonea wivu usukani, kwa kuwa ulikuwa umeshikwa na mikono ile wakati moyo ukienda mbio.

Hawakuwa wamejaaliwa mtoto. Jambo hilo walikwishalilia wakalimaliza, au ndivyo walivyoaminiana. Sasa lilirudi. Nakijwa alianza kujiona kama nyumba ya kulala tu, mahali mwanamume anapokuja kupumzisha moyo alioutumia kwingine.

*

Kisha ikaja Alhamisi ambayo gari halikukaa getini. Lilifika, likasimama kidogo, na Kitambuzi kikaonyesha uzito wa mtu wa pili kwenye kiti cha mbele. Gari likaondoka kuelekea mjini. Moyo wa Anaeli ulikuwa juu kuliko siku zote.

Nakijwa alikuwa ofisini kwake Kisongo, mlango umefungwa. Mpaka siku hiyo alikuwa akichungulia tu. Kitambuzi kilikuwa na hatua nyingine zaidi: ukikiambia gari limeibiwa na ukamataji uanze, kilipunguza mwendo, kikalipeleka gari kando ya barabara, kikafunga milango, kikapiga picha ya waliomo na kuwaita wakamataji wa kampuni. Alitaka picha ile. Alitaka pia, kwa dakika chache tu, mumewe na mwanamke wake wakwame barabarani mchana kweupe na watu wakiwatazama.

Akatuma amri.

Picha ilifika kabla gari halijasimama sawasawa. Anaeli alikuwa ameshika usukani, mdomo wazi. Kando yake alikaa binti wa sekondari mwenye sare ya shule, na paji la uso wake lilikuwa la Anaeli, pana, lenye mshipa katikati. Pengine muuza duka angeweza kumwambia habari za binti huyo tangu siku ile, kama Nakijwa angeuliza swali la pili.

Alijaribu kufuta tangazo la wizi. Kitambuzi kilikataa. Wizi ukishatangazwa na ukamataji kuanza, haufutwi mpaka kufuli ya mwenye gari na ya polisi zigeuzwe pamoja, ili mwizi asimlazimishe mtu mmoja kuufuta. Hilo lilikuwa sharti la daraja la pili. Nakijwa alikuwa mmoja wa walioliandika.

Alipiga simu polisi Usa River, akajieleza vibaya, akaelewana nao kwa shida. Wakati huo gari lilikuwa likipiga king'ora kando ya soko, na mwanamume mzima na mwanafunzi wa kike wamefungiwa ndani. Watu walikusanyika. Mmoja alisema ni mwizi. Mwingine akasema si mwizi tu, ameteka mtoto. Wakamataji walipofika na kufungua milango, umati uliwatangulia. Anaeli alivutwa nje akapigwa mbele ya binti yule, ambaye alikuwa akilia na kusema maneno ambayo hakuna aliyeyasikiliza. Polisi walimwokoa akiwa amevunjika mkono na kupasuka juu ya jicho.

*

Hospitalini Anaeli alikuwa amefungwa plasta ngumu mkono wa kushoto na jicho moja limefumba. Nakijwa alikaa kwenye stuli, na kabla hajajua aanzie wapi, mumewe alianza yeye.

Alimwambia kwamba binti yule anaitwa Eliwaza, na ni mtoto wake. Nsia alipopata mimba, yeye alikuwa kijana asiye na kitu, akaogopa, akakimbilia Mwanza na kusema mimba si yake. Aliporudi, miaka ilikuwa imepita, na alishaona aibu kulisema kwa mtu yeyote, hata kwa mke. Mwaka huu alishindwa kuvumilia. Akaenda kuomba radhi. Nsia alimkaribisha chai barazani, lakini mtoto alikataa kutoka chumbani. Ndipo akawa anakwenda kila Alhamisi, anakaa, anasubiri, anarudi. Kila anapofika pale getini, alisema, huwa anaogopa kiasi cha kutaka kugeuza gari. Siku ile kwa mara ya kwanza binti alitoka, akakubali apelekwe mjini kununua viatu vya shule.

"Sasa hapokei simu yangu," alisema Anaeli. "Amenikana mbele ya mama yake. Anasema kumbe ni kweli mimi ni mwizi."

Nakijwa alikuwa na mengi ya kusema, lakini lililomtoka ni lile moja lililokuwa likimla.

"Na Nsia?"

Anaeli alimgeuzia jicho lililokuwa wazi. Kisha akasema, "Siwezi kukudanganya tena. Nikimwona nafurahi. Sijamgusa, na sina nia. Lakini nafurahi."

Nakijwa aliitikia kwa kichwa. Jibu lilikuwa la kweli, na lilimchoma kuliko uongo wote aliokuwa amejitungia.

Baadaye, alipokuwa akiaga, mumewe alimshika mkono kwa ule wake mzima. Alikuwa na hakika kwamba kifaa ndicho kilichoharibika. "Naki," alisema, "usikipe muhuri kile kitu. Kitaua mtu."

*

Injinia Rutashobya wa Ngao Mwendo alifika Kisongo siku chache kabla ya kikao cha jopo la ithibati. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake anapozungumza jambo zito. Alifunga mlango mwenyewe. Akasema kampuni imesikitishwa na yaliyompata shemeji, na imekwishaona amri ilitoka kwenye kompyuta ya nani. Hakutaka kumtia mtu aibu; hata zile Alhamisi za Usa River na lile geti la buluu hazina haja ya kutajwa. Tukio linaweza kuandikwa kuwa jaribio la barabarani lililokwenda mrama. Mlango wa nyuma utazibwa polepole kwenye vifaa vya toleo lijalo. Nakijwa atatia sahihi daraja la tatu, na kila mmoja ataendelea na maisha yake.

Nakijwa aliuliza vifaa vilivyokwisha kufungwa kwenye magari vitazibwa lini. Rutashobya alisema taratibu, taratibu. Aliuliza ni wangapi kiwandani wanaijua amri ile. Injinia alifuta miwani.

"Wachache. Ni watu waaminifu."

"Mimi pia nilikuwa mwaminifu," alisema Nakijwa. Kisha likamjia wazo jingine. "Amri ilitoka kwangu, hilo mmeliona. Lakini umejuaje kwamba nilikuwa nafuatilia Alhamisi za Usa River? Umelijuaje geti?"

Rutashobya aliirudisha miwani usoni. Nakijwa alielewa. Injinia naye alikuwa amefungua mlango ule ule, akatazama njia zile zile na mstari ule ule wa moyo, kwa sababu alikuwa na shida na mtu na mlango ulikuwa wazi. Mahali fulani mume mwingine angefanya hivyo kumtafuta mke aliyemkimbia baada ya kupigwa, na angempata, kwa kuwa kifaa kingekuwa na muhuri na sheria ingemlazimisha mke yule kukaa nacho.

Hata hivyo hakumfukuza injinia. Alimwambia atafikiri. Na alifikiri kweli. Akitia sahihi, Anaeli hatajua kamwe. Atapona, atarudi nyumbani, atalaumu mashine. Akiieleza kasoro, kanuni inadai mpimaji aonyeshe ilivyotumika, kwenye gari gani, na nani, na matokeo yake. Hakuna namna ya kuutaja mlango ule bila kusema nani aliyeingia. Aliupima uamuzi huo akitembea uwanjani katikati ya magari yaliyobomolewa, na kwa aibu aligundua kwamba kinachomvuta zaidi si kazi wala jina lake. Alikuwa na hofu kwamba Anaeli akijua, atapata sababu nzuri ya kwenda kuishi nyuma ya lile geti.

*

Alimwambia mumewe siku moja kabla ya kikao. Anaeli alikuwa ametoka hospitalini, amekaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, anajifunza kumenya chungwa kwa mkono mmoja. Nakijwa alisimama. Aliona kukaa karibu naye kungekuwa kujipendelea. Akamweleza yote: amri, Alhamisi, mistari, picha, na jinsi alivyoshindwa kuufuta wizi.

Mumewe alisikiliza mpaka mwisho. Chungwa lilibaki limemenywa nusu.

"Ulipolaza kichwa hapa," alisema, akigusa kifua chake, "ulikuwa unanisikiliza?"

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Angepiga, Nakijwa angejua la kufanya. Aliingia ndani, akaweka nguo chache kwenye begi kwa mkono wake mmoja, akakataa kusaidiwa zipu. Alimwambia anakwenda kwa kaka yake Ngaramtoni, na asifuatwe.

Kesho yake, mbele ya jopo, Nakijwa aliuonyesha mlango wa nyuma wa Kitambuzi hatua kwa hatua. Mwenyekiti, Bi Asnath Kiwelu, mwanamke aliyemfundisha kazi, alimuuliza kama kuna mtu yeyote aliyekwisha kudhurika. Nakijwa alitaja jina la mumewe, la mtoto, na la aliyetuma amri. Rutashobya alitazama meza. Bi Asnath akamwomba karani asome tena maneno yale ili yaandikwe sawasawa.

Kitambuzi kilinyimwa muhuri, na magari yote ya majaribio yalirudishwa yakang'olewa vifaa. Sharti jipya liliongezwa kwenye daraja la tatu: hata mpimaji asijaribie kifaa kwenye gari la mtu anayemjua. Nakijwa alivuliwa kibali cha kupima na jalada la kesi yake likapelekwa polisi. Bi Asnath alimsindikiza mpaka kwenye lango la uwanja. Hakumpa mkono, ila alisema kwamba angekuwa yeye, hajui kama angekuja leo.

*

Jambo moja lilibaki ambalo hakuna jopo lililomwagiza. Nakijwa alishuka daladala kwenye barabara kuu ya Usa River, akapanda njia ya vumbi kwa miguu. Geti lilikuwa wazi. Eliwaza alikuwa amechuchumaa kati ya vifuko vya miche, anang'oa magugu. Alisimama, akapangusa mikono kwenye sketi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Nakijwa. Mke wa baba yako."

Binti hakumkaribisha, wala hakumfukuza. Nakijwa alimwambia kwamba gari lile halikuibiwa, na baba yake si mwizi. Yeye ndiye aliyedanganya kwamba gari limeibiwa, kwa wivu, akidhani aliyepanda ni mwanamke mwingine. Kipigo kile kilikuwa kazi yake. Alikuwa amekuja ili asikie kwa mhusika mwenyewe.

Eliwaza alimtazama kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa wa Anaeli kiasi kwamba Nakijwa alilazimika kutazama miche.

"Mama alisema ile mashine inaona mpaka moyoni," binti alisema hatimaye. "Yeye alipokuwa anakuja hapa, wewe uliuona moyo wake?"

"Niliuona."

"Ulikuwaje?"

Nakijwa alijua jibu gani lingemrudisha mtoto kwa baba yake. Lilikuwa jibu zuri, na la kweli, na lilikuwa mdomoni tayari. Pia lilikuwa mali ya wizi.

"Hilo ni la baba yako," alisema. "Sikuwa na haki ya kulijua, na sina haki ya kukupa. Muulize yeye."

Binti alikunja uso, akafikiri. Mlango wa nyumba ukafunguka na Nsia akatoka barazani, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha kijani kichwani, mzuri kuliko Nakijwa alivyokuwa amejiandaa kumwona. Wivu ulimpanda mzima mzima, kana kwamba hakuna lililotokea. Alimsalimia. Nsia aliitikia.

Eliwaza alikuwa ametoa simu mfukoni. Alibonyeza, akaiweka sikioni, akageukia migombani akiwapa mgongo wanawake wote wawili. Nakijwa alisikia sauti ya kiume ikiitikia upande wa pili, ndogo, yenye kigugumizi. Akaanza kuteremka njia ya vumbi, akiharakisha, ili asisikie kitakachosemwa.